Laini ya Mlimani

Machi 5, Jumanne

Kituoni vimeletwa vitabu vipya vya kumbukumbu za mitambo. Viwili vikabaki vya ziada, nikachukua kimoja kabla msimamizi hajaunda kamati ya kuamua kikae kabati gani. Miaka kumi na tisa nimeandika kila saa kile zinachosema sindano za mitambo, kwa mwandiko ambao hata msimamizi huusifu, na yeye kusifu si desturi yake. Hiki nitaandika ninachotaka mwenyewe.

Kilichonichokoza ni baraza la mji. Limetangaza kwamba kabla ya mwezi wa sita tuchague umeme wetu wa miaka ishirini ijayo: tununue mtambo wa tatu wa dizeli, au tujenge uwanja wa paneli za jua pamoja na betri zake. Serikali inapendelea jua, na mimi napendelea mitambo yangu. Tunayo miwili. Mkubwa tunamwita Bibi, mdogo Mjukuu, na ingawa Bibi hukohoa kila asubuhi, hajawahi kusema anasubiri mawingu yapite ndipo aingie kazini.

Mume wangu ni kinyozi, na yuko upande wa jua. Alifunga duka saa moja na nusu jioni kama kawaida yake, akaja tukala pamoja.

"Jua halisafirishwi kwa lori," aliniambia.

"Na likizama halina fundi wa kumpigia simu."

Akacheka mpaka akapaliwa. Huyu mwanamume ukimshinda kwa maneno anafurahi kuliko akishinda yeye. Sijui nani alimlea hivyo.

Machi 7, Alhamisi

Mvua ya kwanza. Bati la kituo lilipiga kelele kumshinda Bibi.

Machi 8, Ijumaa

Amekuja mhandisi aliyetumwa na baraza kuandaa mpango wa jua. Ni mwanamke, umri wake sawa na wa mtoto wangu wa kwanza, ana buti zilizokanyaga matope mengi kuliko zangu. Amefunga paneli moja ya majaribio juu ya paa, na mita yake ameiweka ukutani karibu na dawati langu, ili niwe naisoma kila saa pamoja na sindano zetu. Yaani nimhesabie adui risasi. Kisha akaomba vitabu vya kumbukumbu vya miaka mitano, akaketi kwenye kiti changu kuvisoma. Nilisimama karibu naye muda mrefu ili ajue kiti kina mwenyewe. Hakujua.

Machi 12, Jumanne

Mvua toka alfajiri. Mita ya paneli ilikuwa chini kabisa asubuhi nzima. Niliisoma kwa furaha ambayo haistahili mtu wa umri wangu.

Machi 15, Ijumaa

Leo mhandisi amefunga kitabu cha mwisho, akanitazama.

"Mama, nimepita vituo sita. Sijaona vitabu vilivyoandikwa kwa uangalifu hivi. Hakuna saa iliyorukwa."

Nilimwambia ndivyo tulivyofundishwa. Akafungua ukurasa mmoja, akaweka kidole.

"Ila jioni zenu zinanishangaza kidogo. Mzigo unapanda mpaka kilowati mia tano na ishirini, basi, unatulia hapo. Mji wenye adabu. Hakuna mtaa mnaouzima saa hizo?"

"Hatuzimi mtu," nikasema. "Ila transfoma ya mlimani ni chakavu. Laini ile huzimika yenyewe mara moja moja."

Akaandika. Akanishukuru. Tukanywa chai.

Sasa niandike hapa, maana kitabu hiki hakisomwi na mkaguzi. Transfoma ya mlimani ni nzima. Ndiyo mpya kuliko zote tulizo nazo. Ikifika saa moja jioni, watu wote wamerudi, taa zinawaka, pasi zinawaka, na Bibi na Mjukuu kwa pamoja hawawezi kuvuka mia tano na ishirini bila kuchemka. Miaka kumi na moja iliyopita msimamizi wa zamani alituambia tuipumzishe laini ya mlimani kila jioni, toka saa moja na nusu mpaka saa tatu. Alisema kule hakai mkubwa yeyote, hawatalalamika. Akasema tusiandike, kwa sababu umeme ukikatika na ukaandikwa, makao makuu huuliza maswali. Kwa hiyo tunashusha swichi, sindano inatulia kwenye mia tano na ishirini, tunaandika mia tano na ishirini, na kwenye safu ya maoni tunaandika "kawaida". Tarakimu ni za kweli, kila moja. Watu wa mlimani tuliwaambia ni transfoma. Wafanyakazi watatu wapya nimewafundisha mimi mwenyewe, kwa mdomo, kama nilivyofundishwa.

Duka la mume wangu liko mtaa wa mlimani.

Machi 21, Alhamisi

Zamu ya jioni wiki hii. Saa moja na nusu nimeshusha swichi ya laini ya mlimani. Kwa miaka mingi mkono ulifanya hivyo bila kuniuliza, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake. Leo nilijikuta nawaza mume wangu yuko kwenye kichwa cha nani. Aliwahi kunisimulia kwamba zamani giza lilimkuta amenyoa nusu ya kichwa cha bwana harusi, wakamalizia kwa mkasi na tochi. Tangu hapo ikifika saa moja na robo hapokei mtu. Nilicheka sana siku ile aliponisimulia. Nilicheka kweli, si kwa kujifanya.

Machi 24, Jumapili

Mume wangu anasema dukani kwake kumegawanyika. Wa dizeli wamechukua benchi, wa jua wamebaki wamesimama, naye hawezi kuegemea upande kwa kuwa ana wembe mkononi na mteja anaweza kuogopa.

"Jua likija nitaweka kiti cha pili," akasema. "Watu wanataka kunyolewa wakitoka kazini. Wakitoka kazini mimi nafunga. Kuna kinyozi gani wa namna hiyo?"

"Umri umeenda, baba. Kiti kimoja kinakutosha."

Akanishika bega akipita kwenda kuosha vyombo. Maneno haya nimemwambia tangu zamani: funga mapema, uje upumzike, kazi haiishi. Ukiyasikia utadhani ni mapenzi. Na ni mapenzi pia, hilo ndilo linaloniudhi.

Aprili 2, Jumanne

Siku ya nne mfululizo mawingu hayajafunguka. Saa sita mchana nikasoma mita ya paneli, nikadhani nimekosea, nikafuta miwani, nikasoma tena. Ilikuwa inatoa karibu robo ya nguvu zake, na nje huoni kivuli cha mtu. Nikamwita mhandisi nikamwambia mita yake mbovu.

"Si mbovu, Mama. Paneli haidai jua kali, inadai mwanga. Ndiyo maana mpango ni kujenga paneli nyingi kuliko mahitaji ya siku ya kiangazi."

"Na wiki nzima ikiwa hivi?"

"Basi tutahitaji Mjukuu asaidie. Sijawahi kusema dizeli zote zitupwe. Nani alikwambia nimesema hivyo?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini.

Aprili 9, Jumanne

Bibi amegoma. Nozeli mbili za kupulizia mafuta zimeziba, na pampu yake ya mafuta inavuja. Saa tano tumemfungua. Mhandisi alivua saa yake ya mkono, akakunja mikono, akashika taa wakati mimi na mwenzangu tumelala chini ya pampu. Mafuta yakamdondokea shavuni, hakuiondoa taa. Mwishoni Bibi aliponguruma, yeye ndiye wa kwanza kupiga makofi, na mtambo ule ndio aliotumwa kuuondoa. Nimempenda. Afadhali niandike, maana nisipoandika nitaendelea kumnunia kwa mazoea.

Aprili 13, Jumamosi

Mkutano wa kwanza wa wananchi, ukumbi wa shule. Mvua ilikuwa kubwa hata mwenyekiti wa baraza alilazimika kusema kila sentensi mara mbili. Ukumbi ulijaa. Mzee mmoja alisema paneli zitavuta radi. Kijana mmoja akasema dizeli imempa mama yake kikohozi. Mwenye duka la nyama akasema yeye hajali ni jua au ni punda, mradi jokofu lisizimike. Huyo alipigiwa makofi na pande zote mbili.

Kisha mhandisi akasimama. Akaeleza kwa upole, na ramani ukutani. Mzigo wa juu kabisa wa mji ni kilowati mia tano na ishirini, akasema, ukiongeza kidogo kwa ajili ya miaka ijayo tunajua betri ziwe kubwa kiasi gani, za kutufikisha mpaka alfajiri. Halafu akasema:

"Na tarakimu hizi msizitilie shaka. Zimeandikwa kila saa, miaka yote, na mama yule pale." Akanionyesha kwa mkono.

Watu wakapiga makofi. Mume wangu alikaa safu ya tatu. Alisimama peke yake, akapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa ili nimwone. Nilitamani sakafu ya shule ile iwe mbovu mahali nilipokaa.

Wa mwisho kusema alikuwa fundi cherehani wa mlimani, jirani wa duka la mume wangu, mwanamke mwembamba mwenye tepu ya kupimia shingoni hata siku ya mapumziko. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi sijui dizeli wala jua. Nina cherehani ya umeme. Nguo za shule zikija zote kwa pamoja, nahitaji jioni. Jioni sina. Miaka kumi na moja transfoma yetu inaumwa, na sijawahi kuona hata siku moja mtu amepanda nguzo kuitibu. Mimi nikiumwa hivyo si ningeshazikwa?"

Ukumbi ukacheka. Mimi pia nilifungua mdomo kucheka, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka, na sauti haikutoka.

Aprili 14, Jumapili

Mvua. Sikutoka.

Aprili 17, Jumatano

Msimamizi ameniita ofisini, akafunga mlango.

"Umesikia hesabu za yule binti?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Basi tulia. Wajenge betri za mia tano na ishirini. Siku ya kwanza mlimani nao wakiwasha jioni, zitaisha mapema, mji mzima gizani. Watarudi hapa wenyewe kutuomba mtambo wa tatu. Hatujasema uongo, vitabu vipo."

Sitajifanya malaika. Nilitoka pale nimefurahi. Niliwaza nitakavyokaa kibarazani kwangu nimestaafu, mji uko gizani, na mimi nasema, si niliwaambia? Niliifurahia picha hiyo mpaka nilipofika nyumbani na kuanza kuchambua mchele. Ndipo nikawaza sawasawa. Mji hautakuwa gizani wote. Betri zikianza kupungua, mtu aliye zamu atainuka kutafuta wa kumpumzisha, na mkono wake utaenda kwenye laini ya mlimani, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha. Mtambo mpya, paneli mpya, watu walewale gizani. Na kwenye safu ya maoni ataandika neno lilelile.

Mchele nikauchambua mara mbili.

Aprili 20, Jumamosi

Nilitaka kumwambia mume wangu leo. Nilikwisha sema, "Baba, kuna jambo." Akaweka redio chini, akanigeukia kwa uso mzima, namna anavyowasikiliza wateja. Nikamwambia bomba la uani linavuja. Akaenda kulitengeneza, na kwa bahati nzuri au mbaya lilikuwa linavuja kweli.

Aprili 25, Alhamisi

Mvua ndogo. Nimeshusha swichi saa moja na nusu. Mwenzangu akaniuliza mbona mkono umekaa pale muda mrefu. Nikamwambia ni baridi.

Aprili 27, Jumamosi

Nimefika nyumbani sasa hivi na nitaandika mfululizo, nisije nikaanza kuremba.

Mkutano wa pili, na leo ndiyo ilikuwa siku ya baraza kupiga kura. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mtu mwenye neno la mwisho. Kumi wakasema, maneno yaleyale ya wiki mbili zilizopita. Mwenyekiti akashika karatasi ya kura. Nikasimama. Sikuwa nimeamua nyumbani, wala njiani. Niliona karatasi ile, miguu ikasimama.

Nikasema mimi ni mwendesha mitambo, mnanijua. Nikasema tarakimu ya mia tano na ishirini si mahitaji ya mji, ni mwisho wa nguvu za mitambo yetu. Nikasema kila jioni kwa miaka kumi na moja tumekuwa tukiizima laini ya mlimani kwa mkono, tunaita kuipumzisha, na hatukuandika. Nikasema transfoma ni nzima. Nikasema mwezi uliopita mhandisi aliniuliza uso kwa uso, nikamdanganya. Mkijenga kwa hesabu hii, nikasema, mtajenga umeme wa mji usio na mlimani.

Kisha nikakaa. Hakuna aliyepiga kelele. Nilitegemea kelele, nikajiandaa kwa kelele. Ukumbi ulinyamaza tu, na mvua ilikuwa imekatika kwa hiyo hata bati halikunisaidia. Fundi cherehani aligeuka taratibu kwenye kiti chake akanitazama, bila hasira, kama anayenipima.

Msimamizi akasema kwa sauti kwamba mama huyu amechoka, apumzishwe. Mtu wa nyuma akajibu, "Kama mlimani?" Wachache wakacheka. Mwenyekiti akaahirisha kura mpaka mzigo upimwe upya.

Mume wangu sikuthubutu kumtafuta kwa macho mpaka mwisho. Nilipomtafuta, kiti chake kilikuwa wazi. Hapo ndipo nilipoona kosa langu lingine. Nimewaambia watu mia tatu kabla ya kumwambia yeye.

Aprili 28, Jumapili

Alirudi jana nimeshalala, au nimejilaza. Asubuhi alichemsha chai ya watu wawili, akakaa mbele yangu.

"Swichi ile," akasema, "ni wewe uliyekuwa unaishusha?"

"Zamu zangu, ni mimi. Zamu nyingine ni niliowafundisha."

"Siku ya bwana harusi?"

Nikafikiri nimdanganye. Nikahesabu zamu. "Ilikuwa yangu."

Akazungusha kikombe.

"Unajua, giza sikulijali sana. Vinyozi wamenyoa kwa koroboi tangu zamani. Nilikuwa nafunga saa moja na nusu, najiambia, haidhuru, mke wangu anapenda nirudi mapema. Wateja wakinicheka nawaambia hivyo. Miaka kumi na moja nawaambia watu hivyo."

"Nilikuwa napenda urudi mapema. Napenda hata leo."

"Sasa nitajuaje?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anataka kujua kweli. Akanywa chai yake yote, akaosha kikombe, akaenda dukani mapema kuliko desturi yake.

Mei 2, Alhamisi

Barua ya onyo kutoka makao makuu, kurasa mbili. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi hanisalimii. Ana watoto wanne na anadhani kituo kitafungwa kwa ajili yangu. Ana haki ya kuogopa.

Mhandisi alikuja mchana. Alikaa kwenye benchi la wageni, si kwenye kiti changu, na hilo lilinichoma kuliko barua.

"Uliniangalia machoni, Mama."

"Nilikuangalia."

"Nilikuwa nimeshawaandikia wizarani kuhusu vitabu vyako. Kama mfano mzuri."

Nikamwambia nisamehe, mwanangu. Akasema atajaribu, ila kwanza tupime. Huyo ndiye mtu wa kazi. Hasira zake amezipangia muda wake.

Mei 6, Jumatatu

Tumeanza kupima. Amri ya baraza: kila laini ipimwe jioni ikiwa inawaka, mitaa izimwe kwa zamu, saa moja kila mmoja, nyumba zetu za kituo zikiwemo na mtaa wa mwenyekiti ukiwemo. Kila kuzima kuandikwe. Na kabla ya kushusha swichi, aliye zamu ampigie simu mtu wa mtaa huo amwarifu. Msimamizi amelalamika kwamba sisi ni kituo cha umeme, si wapiga mbiu. Hata hivyo simu tumepiga. Ya kwanza nilimpigia mwenyekiti mwenyewe. Akaniuliza kama nina hakika ni zamu yake.

Mei 9, Alhamisi

Nina zamu ya asubuhi. Mume wangu anafunga saa tatu sasa. Mlimani wanawaka, na anasema wateja wanapanga foleni mpaka nje. Ananiambia mambo hayo kama anavyomwambia jirani: vizuri, kwa ukamilifu, na bila utani. Nyumba hii jioni ina ukimya ambao sikuwahi kuujua. Nakaa nasikiliza saa ya ukutani. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anaongea muda wote. Mimi nilikuwa najibu tu.

Mei 13, Jumatatu

Mawingu mepesi. Paneli, nusu ya nguvu zake. Nimesoma bila kufurahi wala kukasirika.

Mei 18, Jumamosi

Mhandisi amejumlisha mzigo wa laini zote. Kilowati mia sita na arobaini na moja. Aliandika tarakimu kwenye ubao wa kituo, akarudi nyuma, akaitazama.

"Tofauti ya mia moja na ishirini na moja," akasema. "Betri zangu zingeisha kabla ya saa tano usiku. Ningeaibika maisha yangu yote, Mama, na nisingejua kwa nini."

Kisha akavuta kiti changu akakaa. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu amekaa kwenye kiti changu.

Mei 25, Jumamosi

Baraza limepiga kura. Jua limepita, paneli na betri kwa hesabu mpya, Mjukuu abaki kwa ajili ya wiki za mawingu, Bibi astaafishwe uwanja ukikamilika. Ujenzi utachukua mwaka na nusu, na mpaka hapo tutaendelea kuzimana kwa zamu. Mwenye duka la nyama alilia kuhusu jokofu lake, akaambiwa avumilie saa moja kama mlimani walivyovumilia miaka kumi na moja. Nilipiga kura ya mwananchi kwenye sanduku la maoni. Niliandika jua. Sikuona haja ya kumtangazia mtu.

Nikitoka, fundi cherehani alinisubiri mlangoni. Nilijiandaa. Akasema, "Wewe sijakusamehe. Ila nimeshona mashati arobaini wiki hizi mbili, nimeona nikwambie." Akaenda zake. Nimelifikiria jambo hilo jioni nzima, na nadhani alinitendea haki kamili.

Mei 27, Jumatatu

Mvua zimekwisha. Anga leo lilikuwa safi toka asubuhi, na paneli moja ya juu ya paa ilitoa kila ilichoumbiwa kutoa. Niko zamu ya jioni, naandikia hapa kituoni.

Saa moja na dakika kumi Bibi alianza kuchemka. Nikatazama orodha ya zamu za kuzima. Leo ni nyumba za kituo, yaani sisi. Jumatatu vinyozi hawafanyi kazi, kwa hiyo mume wangu yumo nyumbani. Mtaa wetu hauna mjumbe wa kupigiwa simu. Jina lililoandikwa kwenye orodha ni la mume wangu. Sijui nani aliliandika.

Mwenzangu akajitolea kupiga yeye. Nikakataa. Nilipiga, ikaita mara tano.

"Hapa ni kituoni," nikasema, kwa sauti ile ya kazi. "Tunawaarifu kwamba tutazima laini yenu saa moja na nusu mpaka saa mbili na nusu. Tafadhali waambie majirani."

Nilisikia redio yetu, kisha ikazimwa.

"Ni wewe utakayeshusha?" akauliza.

"Ni mimi."

"Haya. Asante kwa kuniambia."

Nikadhani amemaliza. Sikukata, naye hakukata. Bibi ananguruma nyuma yangu, mwenzangu ananionyesha sindano.

"Basi nitakula gizani," akasema. "Nikuwekee?"

Nikamwambia aniwekee.